Makumbusho ni Mali ya Nani?

Utamaduni wa taifa ni mali ya umma. Neno hili limesemwa nchini mwetu tangu mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana na kueleza kuwa utamaduni ndio roho ya taifa. Limerudiwa katika hotuba, katika semina na katika vitabu vya shule, hata leo hakuna anayelipinga. Lakini neno lisilopingwa lina hatari yake, kwani watu huacha kulipima kwa matendo. Katika makala haya twataka kulipima. Twauliza: umma huo ni umma upi? Je, mwanafunzi asiyeona, kijana kiziwi, na mzee aendaye kwa magongo wamo katika umma huo wanapofika mbele ya mlango wa makumbusho, au mbele ya magofu ya kale? Jibu letu ni kwamba wametajwa katika umma huo, lakini bado hawajaingizwa. Tena twasema kwamba kubaki kwao nje si bahati mbaya wala si kudra. Ni matokeo ya maamuzi yetu sisi wenyewe.

Twaandika haya tukiwa watu wa Handeni na Korogwe. Wilaya zetu hazikosi utamaduni. Kuna selo ya Wazigua na mdumange wa Wasambaa. Kuna ngano na vitendawili vya jioni. Kuna wafinyanzi, wasusi na wachonga vinu. Lakini mwalimu wa Historia anapotaka kuwaonyesha wanafunzi mambo ya kale yaliyohifadhiwa kwa jina la taifa, huwapandisha katika gari, wakapita Segera na Muheza, hata wakafika Tanga, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka Korogwe, na zaidi kutoka Handeni. Huko wapo mapango ya Amboni, kaskazini mwa jiji. Yapo magofu ya Tongoni upande wa kusini, yenye msikiti na makaburi ya nguzo ya zama za Waswahili wa kale. Na lipo Boma la Kale la Wajerumani, ambamo zimewekwa picha na vifaa vya siku zilizopita. Kwa wanafunzi wengi ziara hiyo ni mara ya kwanza kuona kwamba historia haikuanza katika daftari.

Tazama basi ilivyo siku ya kuandikisha majina ya ziara. Nauli inakusanywa, majina yanasomwa. Akifikiwa mwanafunzi mwenye kiti mwendo, mwalimu husita. Hamtukani, wala hamdharau. Humwambia kwa upole, "Mwanangu, wewe utachoka bure. Wenzako wakirudi utasoma katika madaftari yao." Hapo mtoto amekwisha kutolewa katika urithi wa taifa lake, na hakuna aliyepaza sauti. Hivyo ndivyo ubaguzi huu unavyofanya kazi. Hauna ubao uliotundikwa mlangoni wenye maneno ya kukataza, kama ule waliouona wazee wetu wakati wa ukoloni. Unafanywa kwa ngazi, kwa kioo, kwa sauti ya upole na kwa nauli inayorudishwa mkononi mwa mwenyewe.

Wako walimu wema wasiokubali hayo, nao humchukua mtoto. Na wako wanafunzi wema ambao humbeba mwenzao mgongoni mpaka juu ya ngazi. Wema huo twausifu, lakini hatukubali uwe ndio mpango wa taifa. Anayebebwa huona kile tu ambacho mbebaji amesimama mbele yake, tena kwa muda ule ambao mbebaji atastahimili uzito. Msichana wa kidato cha tatu anayebebwa na wavulana mbele ya wageni hupanda kwa aibu, na safari ya pili husema mwenyewe kwamba hataki kwenda. Nasi hushusha pumzi, tukaandika kuwa hakupenda.

Asiyeona naye hufika, akaambiwa, "Hapa mbele yako kuna kinu, kuna mtungi, kuna upinde." Amefunga safari ya saa mbili au tatu kuja kusikia majina ambayo angeweza kuyasikia akiwa darasani. Kiziwi hufika, naye mwongoza wageni huzungumza ameelekea ukutani. Kijana huyo huona kisogo cha historia, uso wake asiuone. Taifa hili lilikwisha kuamua zamani kuwasomesha watoto hawa. Shule ya Wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950. Shule ya Viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963. Na katika mkoa wetu wenyewe ipo Shule ya Wasioona ya Irente, Lushoto. Tumewafundisha kusoma maandishi ya nukta nundu kwa ncha za vidole na kusema kwa lugha ya alama. Baada ya hapo twawapeleka mahali ambapo vidole vimepigwa marufuku na mikono haisemeshwi. Hiyo ni elimu ya namna gani?

Wanaotetea hali hii wana hoja zao, nasi si waungwana tukizipita bila kuzijibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba watu wenye ulemavu ni wachache, na mali ya umma hupangwa kwa ajili ya wengi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, 11 hivi wana ulemavu wa namna moja au nyingine. Taifa linalowaita watu hao wachache linajidanganya kwa hesabu. Hata hivyo hatutaki kuishinda hoja hii kwa hesabu peke yake, maana hata angalikuwa mmoja, haki yake isingepungua. Tena ngazi haimzuii aliyezaliwa na ulemavu peke yake. Humzuia mama mjamzito, humzuia aliyevunjika mguu mwaka jana, humzuia babu mwenye matende, ugonjwa ambao watu wa mkoa wa Tanga wanaufahamu vyema. Babu huyo ndiye anayejua mtungi ule uliofungiwa kiooni ulifinyangwaje na ulitiwa nini. Tumemwacha chini ya ngazi, kisha tukabandika juu kipande cha karatasi kujaribu kueleza yale aliyoyajua yeye.

Hoja ya pili ni ya wahifadhi. Husema kwamba mambo ya kale hayaguswi, na kwamba kuweka njia au mteremko katika magofu ni kuyaharibu. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi twaiheshimu. Hakuna mwenye akili atakayetaka Tongoni imwagiwe saruji, wala Amboni ipasuliwe kwa baruti ili kupanua mapito yake, ambayo mengine humlazimisha hata mtu mzima wa afya kuinama. Mwamba haukutenda kosa. Lakini baina ya kuuvunja mwamba na kukaa bure kuna kazi nyingi za kufanya. Njia ya kokoto zilizoshindiliwa, au ya mbao zinazoweza kuondolewa, humfikisha mwenye kiti mwendo karibu na kaburi bila kuligusa jiwe hata moja. Mfano wa msikiti wa Tongoni uliofinyangwa kwa udongo, ukawekwa langoni juu ya meza, humpa asiyeona umbo la mahali pote. Na mwenye macho naye ataelewa zaidi, maana magofu yaliyoanguka si rahisi kuyaelewa kwa kuyatazama tu.

Na tuyatazame hayo mapango yenyewe. Ndani ya pango, kabla taa haijawashwa, sote tu wasioona. Asiyeona ameizoea hali hiyo kuliko sisi. Yeye ataujua upana wa chumba kwa mwangwi na unyevu wa ukuta kwa kiganja. Ni kiziwi ndiye anayepotea humo, kwa sababu mwongoza wageni anasema gizani na mikono ya mfasiri haionekani. Dawa yake ni taa moja ielekezwe kwenye mikono hiyo. Mambo kama haya hayataki mhandisi. Yanataka mtu aliyefikiri kabla ya wageni kufika.

Hoja ya tatu ni fedha. Kila tunapodai haki hii huambiwa kwamba nchi ni maskini na fungu ni dogo. Sisi tulio watumishi wa serikali tunaufahamu udogo wa mafungu kuliko wengi wanaousema. Lakini twajua pia kwamba fungu dogo lina tabia ya kupatikana siku ya mgeni rasmi: maturubai hukodishwa, viti hupambwa vitambaa, barabara hufagiliwa. Kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, viti mwendo hutolewa mbele ya kamera. Kesho yake kiti hicho hicho hufika kwenye ngazi tatu za jengo la umma, nacho husimama hapo. Ajabu ya jambo hili ni kwamba tumepata fedha ya kununua magurudumu, tukakosa mbao za kuyapitishia.

Hoja ya nne huletwa na wajuzi wa sheria, nayo ndiyo inayotukasirisha zaidi. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka 2010 Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka huo. Ibara ya 30 ya Mkataba inahusu utamaduni. Inazitaka nchi zihakikishe kuwa watu wenye ulemavu wanafika katika kumbi za maonyesho, makumbusho, sinema na maktaba. Na kwa upande wa minara na maeneo ya kale yenye umuhimu kwa taifa, inataka wafike kadiri iwezekanavyo. Wako waliolikamata neno hilo "kadiri iwezekanavyo" kama mtu aliyeokota mwavuli wakati wa mvua, wakajificha chini yake na majengo yao yote. Na wasome tena. Masharti hayo yamewekwa kwa maeneo ya kale, yaani kwa magofu na mapango na mfano wake; hayakuwekwa kwa nyumba ya makumbusho. Na hata huko kwenye magofu, mtu hawezi kusema kuwa kikomo cha uwezekano kimefikiwa kama hajajaribu jambo hata moja.

Sasa tuulize chanzo cha makosa haya, maana mti hauponi kwa kukatwa majani. Nyumba ya makumbusho, kwa sura tuliyoirithi, haikuanzishwa kwa ajili yetu. Makumbusho ya Dar es Salaam yalianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa mwaka 1940 yakiwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Baada ya Uhuru tulifanya kazi kubwa na ya kusifiwa: tulibadili vilivyomo, tukaleta historia yetu wenyewe, na mwaka 1967 kikafunguliwa Kijiji cha Makumbusho ili nyumba za makabila yetu zionekane. Lakini ile desturi ya kutazama kwa mbali hatukuihoji. Mgeni aingie, anyamaze, afunge mikono nyuma, atazame kupitia kioo, asome, atoke. Desturi hiyo inamdhania kila mtu kuwa ana macho, ana miguu, na amesoma.

Utamaduni wetu haukupokelewa hivyo. Kinu kiliundwa kitwangiwe, ungo upepetwe, mtungi ubebwe, ngoma ipigwe na kuchezwa. Ngano ya Kizigua iliingia kwa sikio, usiku, bila taa, na aliyekuwa haoni hakuwa na pungufu mbele ya wenzake. Hata kinyago cha Mmakonde hujulikana nusu yake kwa macho, na nusu ya pili kwa kiganja kinachopita juu ya mpingo. Tulipovifungia vitu hivi katika kabati la kioo hatukumnyima asiyeona peke yake; tulijinyima sote. Mwanafunzi mwenye macho mazuri huondoka makumbusho bila kujua uzito wa mchi.

Na ambaye bado ana shaka na amkumbuke marehemu Mzee Morris Nyunyusa. Mzee huyu hakuwa na macho, naye alizipiga ngoma nyingi kwa pamoja, peke yake, kwa ustadi ambao wenye macho waliushangaa. Kwa miaka mingi mapigo yake yalitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Taifa zima, Handeni na Korogwe wakiwamo, liliacha maongezi na kukaza masikio kwa wito wa mikono ya mtu asiyeona. Basi ni haki gani hii, kwamba kijana asiyeona wa leo akienda kuzijua ngoma za taifa lake aambiwe asiziguse?

Hata hivyo tusijipambe kupita kiasi. Wako wanaosema kwamba Waafrika wa kale waliwapenda watu wenye ulemavu, na kwamba ubaguzi ulikuja na meli. Hatuwezi kusema hivyo na dhamiri zikatulia, hasa baada ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitia nchi yetu aibu katika miaka ya 2000. Methali zetu zenyewe zinatushuhudia. Twasema "Hujafa hujaumbika," na twasema "Mcheka kilema hafi bila kumfika." Ni methali za hekima, lakini zinamzuia mtu kwa hofu: usimcheke, yasije yakakupata. Hazisemi kwamba yule mtu ana fungu lake katika mali ya pamoja. Hilo ni jambo ambalo kizazi chetu kinapaswa kuliongeza katika utamaduni, kwa kuwa utamaduni wa taifa haukukamilika siku mababu walipofariki.

Tena kuingia peke yake hakutoshi. Lazima pia kuwamo. Watu wenye ulemavu wawe miongoni mwa wanaosimuliwa. Historia ya Korogwe haielezeki bila mkonge, ambao Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, wala bila reli ya Tanga na mashamba makubwa yaliyoizunguka. Twaonyeshwa picha za mameneja na mitambo ya korona iliyochakata majani ya mkonge. Lakini nani ameandika habari za vibarua walioumizwa mikono na mitambo hiyo, au macho kwa miba ya mkonge? Milima ya Usambara imeujua usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito iendayo kasi, nao huweza kumpofusha mtu. Waliopofuka kwa maradhi hayo walilima vipi, walioa na kuolewa vipi, waliimba nini? Hiyo nayo ni historia ya taifa, na wenye kuijua bado wako hai.

Wala tusidhani kuwa jambo hili halijafanyika popote. Athens, mji mkuu wa Ugiriki, una tangu mwaka 1984 makumbusho ambayo kila kilichomo ni cha kugusa. Mjini Ancona, Italia, yapo makumbusho mengine ya namna hiyo, yaliyofunguliwa mwaka 1993 kwa wazo la mume na mke wasioona, yakapewa jina la Omero, mshairi wa Wagiriki wa kale ambaye mapokeo husema hakuwa na macho. Humo zimewekwa nakala za sanamu mashuhuri, na mgeni huzipapasa apendavyo. Sisi hatuna haja ya kununua nakala ng'ambo. Mchonga vinu yuko Handeni, na mfinyanzi yuko kijijini. Mtungi mpya uliofinyangwa kwa mkono ule ule na kwa ufundi ule ule wa kale hugharimu kidogo. Ukivunjika, hufinyangwa mwingine, na fundi hupata riziki.

Kwa hiyo twapendekeza mambo yafuatayo. Kwanza, kila makumbusho ya umma iwe na meza ya kugusa, yenye zana halisi au nakala zake, na maelezo ya nukta nundu pamoja na maandishi makubwa. Pili, jengo lenye ngazi liwekewe njia ya mteremko, hata kama ni ya mbao. Na chumba cha juu kisichofikika, mambo yake makuu yashushwe chini. Tatu, waongoza wageni wafundishwe kumwelekea mgeni wanaposema, kumweleza asiyeona kwa kumshikisha, na kuzijua alama za kwanza za lugha ya viziwi. Ingekuwa vyema zaidi kama baadhi ya waongoza wageni wangekuwa viziwi wenyewe. Nne, halmashauri zetu za Handeni na Korogwe, siku zitakapojenga nyumba ya urithi, ziwaite watu wenye ulemavu kabla ramani haijachorwa, si siku ya kukata utepe. Tano, tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, ipewe kazi moja kila mwaka: kukagua mlango, njia na meza, wakaguzi wakiwa ni watu wenye ulemavu wenyewe.

Kwa walimu tuna neno la pekee. Ninyi hamwezi kujenga mteremko Tanga, lakini orodha ya ziara imo mikononi mwenu. Msilifute jina. Pigeni simu mapema, waulizeni wenye makumbusho watampokeaje mwanafunzi huyu, na jibu lao mliandike. Wakisema hawawezi, wajibuni kwamba darasa zima litangoja mpaka waweze. Makumbusho yatakayokosa madarasa mawili matatu yatazitafuta mbao za kutengenezea njia upesi kuliko yale yanayosoma makala kama haya.

Nanyi wanafunzi, msijivunie kumbeba mwenzenu. Mbebeni leo kwa sababu njia haipo, lakini kesho muidai njia pamoja naye. Ninyi ndio wahandisi, madiwani, wahifadhi na washairi wa miaka ijayo. Mkijenga, jengeni nyumba ambayo kila mwana wa nchi hii ataingia kwa uwezo wake mwenyewe, ashike kinu cha bibi yake, asikie ngoma ya babu yake, kisha atoke akijua kwamba mali hii ni yake naye. Hapo ndipo neno la mwaka 1962 litakapokuwa kweli.